MIT ilipoanika madesa yake

Aliyepita chuo kikuu hapa Tanzania haelezwi desa ni nini. Ni maandishi ya mhadhiri, aghalabu ya miaka mingi nyuma, yanayokaa steshenari karibu na geti la chuo. Unataja namba ya kozi, kijana wa steshenari anavuta faili, mashine inaunguruma, unalipa, unaondoka na karatasi zako bado zina joto. Siku hizi desa linaingia kwa WhatsApp: kurasa zilizopigwa picha kwa simu, ya tatu imepinda, ya saba ina kivuli cha kidole. Ukurasa wa mbele mara nyingi haumo. Jina la mhadhiri limefutika kopi juu ya kopi. Jina la chuo pengine halikuwahi kuandikwa. Mwanafunzi wa Mbeya anafaulu kwa desa lililoandikwa Dar es Salaam, na Dar es Salaam haina habari.

Nimeanza na desa kwa sababu kisa ninachokichambua kinahusu chuo kilichokusanya madesa yake, ya karibu masomo yote, kikayasafisha, kikayatia majina na leseni, kisha kikayaanika mtandaoni kila mtu ayachukue bure. Chuo chenyewe ni Massachusetts Institute of Technology, MIT, na mradi unaitwa OpenCourseWare. Habari hii imesimuliwa sana kama habari ya ukarimu, na ukarimu umo kweli. Mimi naisoma kama habari ya jina: chuo kilifanya nini hadi maandishi ya darasani, ambayo kwingine huzagaa kama yatima, yakawa ndiyo kitu cha kwanza ambacho watu wengi duniani wanakijua kukihusu?

Swali la mwaka 1999

Mwishoni mwa miaka ya tisini Marekani ilishikwa na homa ya intaneti. Kampuni zilifunguliwa kila wiki, na vyuo vikuu vikaingiwa na hofu: wanafunzi wa kesho watasoma kwenye kompyuta, na chuo kitakachochelewa kitamkuta mwana si wake. Columbia ilianzisha Fathom mwaka 2000, kampuni ya kuuza masomo mtandaoni. Oxford, Stanford na Yale zikaungana katika mradi wa namna hiyo hiyo ulioitwa AllLearn. Ilionekana dhahiri kwamba elimu ya mtandaoni ni bidhaa, na kilichobaki ni kupanga bei.

MIT nayo iliunda kamati. Mwaka 1999 Robert Brown, aliyekuwa provosti, yaani msimamizi mkuu wa taaluma chuoni, aliwapa wahadhiri kazi ya kupendekeza chuo kisimame wapi. Kamati iliongozwa na Profesa Dick Yue wa uhandisi, na Hal Abelson wa sayansi ya kompyuta alikuwemo. Walipewa washauri wa biashara, wakachunguza soko na kupiga hesabu za mapato. Kilichosubiriwa kutoka kwao kilikuwa mpango wa biashara.

Hesabu zikakataa. Kila walivyozigeuza hazikuonyesha faida ya maana: gharama kubwa, washindani wengi, na hakuna uhakika wa wanunuzi.

Hapa ndipo kisa kinaponivutia kuliko pengine popote. Kamati nyingi zikifikishwa hapo huandika ripoti ya kuomba muda zaidi. Hawa waligeuza swali lenyewe. Kama kuuza hakulipi, tukitoa bure tunapoteza nini? Walipolitazama vizuri wakaona ni kidogo sana. Mwanafunzi anayelipa ada MIT halipii karatasi. Analipia kukaa maabara na mwalimu wake, kusahihishwa kazi, kubishana na wenzake bwenini hadi usiku wa manane, na shahada mwisho wa safari. Karatasi zikitoka nje, hayo yote yanabaki ndani.

Tarehe 4 Aprili 2001 rais wa chuo, Charles Vest, alitangaza kwamba ndani ya miaka kumi vifaa vya kufundishia vya karibu kila kozi ya MIT vitawekwa mtandaoni bure. Yeye mwenyewe alikiri kuwa jambo hili linaonekana kwenda kinyume na dunia inayoendeshwa na soko. New York Times iliibeba habari hiyo, na magazeti ya nchi nyingi yakafuata. Naamini wakati wenyewe ulifanya nusu ya kazi. Katika soko ambalo kila mmoja ananadi bidhaa yake, anayesema "chukueni" husikika mtaa wa pili. Chuo kikitangaza hivyo leo hakitasikika hivyo, na anayetaka kuiga asisahau tofauti hiyo.

Mashirika mawili ya ufadhili, William and Flora Hewlett Foundation na Andrew W. Mellon Foundation, yalitoa dola milioni 11 za kuanzia. Septemba 2002 zikatoka kozi 50 za majaribio. Mwaka mmoja baadaye zilikuwa 500. Novemba 2007 zilifika 1,800, ambazo ni karibu mtaala mzima wa chuo, kabla miaka kumi iliyoahidiwa haijaisha. Leo zimepita 2,500.

Kazi isiyoonekana

Mtu akitembelea tovuti ya OpenCourseWare anaona kitu kilichotulia: namba ya kozi, jina la mwalimu, muhula uliofundishwa, muhtasari, ratiba ya vipindi, nukuu za mihadhara, mazoezi, mitihani na pengine majibu yake. Ni rahisi kudhani kuwa walipakia faili tu. Vyuo vingi vilivyojaribu kuiga vimekwama papo hapo, kwa kudhani hivyo.

Jambo la kwanza lililoamuliwa ni hiari. Hakuna mhadhiri aliyelazimishwa. Hofu zilikuwepo, tena zile zile ambazo ungezisikia kwenye kikao chochote cha idara hapa kwetu: nitapata wapi muda, nani atamiliki kazi yangu, na watu wakiyaona makosa yangu je? La mwisho husemwa kwa sauti ya chini. Kwa hofu ya umiliki jibu lilikuwa wazi: kazi inabaki mali ya mwalimu, naye anaipa MIT ruhusa ya kuichapisha. Kwa hofu ya muda, waliajiri watu.

Hao watu ndio moyo wa mradi, nasi mara nyingi tunawaruka. Idara zilipewa maofisa wa kuziunganisha na ofisi ya OpenCourseWare. Mhadhiri hakutakiwa kujua kutengeneza ukurasa wa tovuti. Alitoa alichonacho, hata kama ni karatasi zilizoandikwa kwa kalamu, na ofisa akaondoka nazo. Zilichanganuliwa, zikapangwa kwa mfumo mmoja, zikarudishwa kwa mwalimu azipitie, kisha zikachapishwa. Baada ya miaka kadhaa zaidi ya robo tatu ya wahadhiri wa kudumu walikuwa wamechangia, na sioni kama uzalendo peke yake ungewafikisha hapo. Waliona mwenzao wa ofisi ya jirani ametoa kozi yake bila kupoteza wiki nzima, nao wakakubali.

Kisha haki miliki, na hapa ndipo fedha zilipokwenda. Mwalimu akiwa darasani huonyesha picha ya kitabu hiki, jedwali la makala ile, mchoro alioupenda kutoka mahali asipopakumbuka. Ndani ya kuta nne hilo huvumilika. Likitoka hadharani kwa jina la chuo, ni kesi. Kwa hiyo kila mchoro na kila jedwali ulipaswa kuulizwa ni wa nani. Ukikuta ni wa mtu mwingine una njia tatu: uombe ruhusa, uchore upya wa kwako, au uondoe. Mradi wenyewe ulieleza kuwa kozi moja huigharimu kati ya dola 10,000 na 15,000 kuiandaa, na yenye video hugharimu karibu maradufu. Nimewahi kusikia watu wakizicheka namba hizo wakidhani ni fedha za kompyuta, kumbe sehemu yake kubwa ni mishahara ya watu wanaokaa siku nzima wakiandika barua za kuomba ruhusa ya mchoro mmoja wa moyo wa chura.

Leseni ilikuja kwa wakati mwafaka. Desemba 2002 Creative Commons, ambayo Abelson alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, ilitoa leseni zake za kwanza. OpenCourseWare ilichagua ile inayosema: nakili, tafsiri, badilisha utakavyo, mradi utaje ulikotoa, usifanye biashara, na utakachotengeneza ukitoe kwa masharti haya haya.

Hayo maneno mawili, "taja ulikotoa", ndiyo tofauti kati ya OpenCourseWare na steshenari yetu ya getini. Steshenari inasambaza pia, tena kwa kasi. Lakini kila kopi inayotoka pale inapoteza kitu cha mwenye kazi, na kila kopi inayotoka chini ya leseni ile inalibeba jina la mwalimu na la chuo kwenda nalo. Maelfu ya kopi, maelfu ya wajumbe.

Kilichorudi

Mradi ulichunguza wageni wake, na mgawanyo uliowashangaza wengi ni huu: wanaojisomea wenyewe walikuwa karibu asilimia 43, wanafunzi asilimia 42, na walimu asilimia 9 tu. Namba ya walimu isidharauliwe kwa udogo wake. Mwalimu mmoja aliyechukua mazoezi ya kozi moja amewapelekea darasa zima.

Tathmini ya mwaka 2005 ilitoa takwimu nyingine, ambayo nadhani ingempendeza makamu mkuu yeyote wa chuo. Miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokuwa wanaijua OpenCourseWare kabla hawajaamua wasome wapi, asilimia 35 walisema iliwashawishi kuchagua MIT. Tathmini ilifanywa na mradi wenyewe, kwa hiyo mtu aisome kwa tahadhari. Hata ukiipunguza nusu, bado ni tangazo ambalo hakuna bango la barabarani linaloweza kulifikia. Kijana aliona kozi ya kweli, akaona mtihani wa kweli, akajipima.

Kuna sura moja ambayo imeubeba mradi huu kuliko nembo yoyote. Gilbert Strang alikuwa akifundisha aljebra ya matriki na vekta, kozi namba 18.06. Mihadhara yake ilirekodiwa mwaka 1999, kabla mradi haujatangazwa: mzee, ubao, chaki, na kamera isiyo na manjonjo. Hakuna muziki wala michoro inayorukaruka. Imetazamwa na mamilioni ya watu. Mwanafunzi wa uhandisi wa Arusha anayekwama kwenye matriki usiku wa kuamkia mtihani hujikuta mbele ya ubao ule, na baada ya nusu saa anaona mambo yanafunguka. Strang alitoa mhadhara wake wa mwisho Mei 2023, baada ya miaka zaidi ya 60 ya kufundisha MIT, na watu waliufuatilia moja kwa moja kutoka nchi ambazo yeye hajawahi kuzikanyaga. Kila ninapotazama kipande cha siku ile napata hisia ambayo siwezi kuieleza vizuri, ya kuona mwalimu akiagwa na wanafunzi asiowajua.

Upande wa pili wa sura upo pia. Desemba 2014 MIT iliondoa kwenye tovuti yake mihadhara ya fizikia ya Walter Lewin, ambayo nayo ilikuwa maarufu sana, baada ya uchunguzi wa chuo kubaini kuwa alimnyanyasa kingono mtandaoni mwanafunzi wa kozi ya bure. Wengi walilalamika kwamba video hazina kosa. Mimi naona chuo kilifanya sawa. Jina lililo juu ya ukurasa ni la chuo, na mwanafunzi anayeingia kwa mlango huo anastahili ulinzi ule ule wa aliye darasani.

Tafsiri zilikuja bila MIT kuzifanya yenyewe. Mtandao wa Universia ulizipeleka kozi kwenye Kihispania na Kireno. Taiwan, mfasiri wa riwaya aitwaye Lucifer Chu alitumia fedha alizopata kwa kazi yake ya kutafsiri kuanzisha kundi la watu wa kujitolea, wakaanza kuzigeuza kozi kwa Kichina. Leseni ndiyo iliyowaruhusu.

Mwaka 2002 UNESCO iliitisha mkutano Paris kujadili maana ya OpenCourseWare kwa nchi zinazoendelea, na hapo ndipo jina la nyenzo huria za elimu lilipozaliwa. Tazama hapo: harakati nzima ya dunia ilipata jina katika kikao kilichoitishwa kwa ajili ya mradi wa chuo kimoja. Mwaka 2005 vyuo vilivyofuata njia hiyo vikaunda umoja wao.

Kuna kipimo ambacho vyuo vyetu hukisubiri kila Januari na Julai, orodha ya Webometrics inayotolewa na watafiti wa Hispania. Makamu wakuu huituma kwenye vyombo vya habari ikiwa nzuri. Nusu ya alama zake hutokana na kitu kimoja: tovuti nyingine ngapi zimeielekezea ya kwako. Hakuna anayeelekeza viungo kwenye picha ya mkuu wa chuo akikata utepe. Watu huelekeza kwenye kitu walichokitumia. Kozi zote za OpenCourseWare zinakaa chini ya anwani ya mit.edu, kwa hiyo kila mwalimu wa Peru au India aliyewaambia wanafunzi wake "someni hapa" aliongeza jiwe kwenye ukuta huo huo.

Waliouza, na aliyeishiwa

Fathom ilifungwa mwaka 2003 baada ya Columbia kumwaga fedha nyingi. AllLearn ilifungwa mwaka 2006. Ukitafuta kozi zao leo utapata habari za kufungwa kwao.

MIT yenyewe ilijaribu njia nyingine baadaye. Mei 2012, pamoja na Harvard, ilianzisha edX, kila chuo kikiahidi dola milioni 30, kwa kozi zenye ratiba, majaribio na vyeti. Nina heshima na edX. Ilifundisha mamilioni, na ilijibu upungufu halisi wa OpenCourseWare ambako hakuna wa kukuuliza umeelewa nini. Lakini mwaka 2021 iliuzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800, na Julai 2024 kampuni hiyo ikaomba kinga ya mufilisi mahakamani. Fedha za mauzo zilikwenda kwenye taasisi isiyo ya faida, hilo ni jema. Anwani ya edX, ambayo watu walikuwa wameizoea kwa miaka tisa, ikaondoka mikononi mwa vyuo. MIT ikalazimika kuandaa jukwaa jingine la kozi zake chini ya anwani yake yenyewe. Wakati wote huo 18.06 ilikuwa pale pale.

Kuwa huria peke yake hakuokoi mradi. Chuo Kikuu cha Jimbo la Utah kilikuwa na OpenCourseWare yake, ya kozi kadhaa, na kilisifiwa sana. Mwaka 2009 fedha za wafadhili na za jimbo ziliisha, mfanyakazi wake akaondoka, na kazi ikasimama. MIT imedumu kwa sababu mradi uliingizwa katika bajeti ya chuo, huku michango ya wafadhili na ya watumiaji ikijazia. Kwa vyuo vyetu, ambavyo miradi mingi huzaliwa na ruzuku ya miaka mitatu na kufa nayo, naona Utah inatuhusu kuliko MIT.

Kwenye pwani yetu

Kabla mkongo wa SEACOM haujafika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009, vyuo vyetu vilitegemea satelaiti. Intaneti ilikuwa ya gharama kubwa na nyembamba kama uzi. Kufungua video moja kulizuia ofisi nzima kusoma barua pepe. MIT iliona hilo na ikaanza kutuma nakala nzima ya tovuti kwenye diski, iwekwe kwenye seva za ndani ya vyuo vya Afrika. Mradi wa WiderNet wa Chuo Kikuu cha Iowa nao ulisambaza kozi hizo ndani ya maktaba yake ya diski, eGranary. Na katika mradi wa iLab-Africa, uliofadhiliwa na Carnegie Corporation, MIT ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Makerere na Obafemi Awolowo cha Nigeria, wanafunzi wafanye majaribio ya maabara kwa kuziendesha mashine kupitia mtandao.

Nakala zile zilisaidia watu, na sitaki kuonekana mtovu wa shukrani. Lakini zitazame kwa jicho la jina. Seva ilikuwa yetu, umeme wetu, fundi wetu, na juu ya kila ukurasa liliandikwa jina la Massachusetts. Tulipokea. Hakuna kilichotoka upande huu kwenda upande ule. Lugha nayo ilikuwa Kiingereza, mifano ya mazoezi ilikuwa ya theluji na treni za chini ya ardhi, na mpaka miaka ya karibuni Afrika kusini mwa Sahara imekuwa sehemu ndogo tu ya wageni wa tovuti ile.

TESSA, programu ya mafunzo ya walimu barani Afrika, ilikwenda njia tofauti. Ilianza mwaka 2005, ikiratibiwa na Open University ya Uingereza pamoja na vyuo vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, Egerton cha Kenya, na Makerere na Kyambogo vya Uganda. Nyenzo zake ni za walimu wa shule za msingi, ziliandikwa na walimu wa Kiafrika, na zilitolewa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. Mwalimu wa Kigoma anaweza kusoma kwa Kiswahili namna ya kulifanya darasa la wanafunzi wengi lishiriki somo la sayansi kwa vitu vinavyookotwa uwanjani. Hapo chuo cha kwetu ni mtoaji, na anayetaja chanzo analitaja jina lake.

Ndiyo maana swali la "tutaigaje MIT" silipendi. MIT ilianika kila kitu kwa sababu ilikuwa na fedha za kuanika kila kitu. Chuo kisicho nazo kianze na kile ambacho dunia haiwezi kukipata kwingine. Sokoine kule Morogoro ina kilimo cha nchi za joto. Muhimbili ina magonjwa ambayo hospitali za Boston huyaona mara moja kwa mwaka. Zanzibar kuna Taasisi ya Sayansi za Bahari. Na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Dar es Salaam, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, zinakaa juu ya kitu ambacho wanafunzi wa Leipzig, Ohio na Beijing wanaosoma Kiswahili wanakitafuta: namna wenye lugha wanavyoifundisha sarufi yao wenyewe, kwa mifano yao wenyewe. Madesa ya somo hilo yapo. Yako getini.

Mwaka jana nilikaa na rafiki yangu mhadhiri, siku nzima ya Jumamosi, tukalipitia desa lake la sintaksia ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa ameligomea jambo hili kwa muda mrefu, na sababu yake ilikuwa ile ya sauti ya chini. Tuliweka alama nyekundu kila palipokuwa na kitu cha mtu mwingine. Zilikuwa chache kuliko tulivyohofia. Michoro mingi ya matawi ya sentensi alikuwa ameichora mwenyewe miaka ile, kwa rula. Mitatu iliyotoka kwenye vitabu akaichora upya kabla ya chai ya jioni. Tukatengeneza ukurasa wa mbele: jina lake, idara, mwaka, leseni.

Nakala tuliyoitumia tuliipata steshenari, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na nakala safi. Kwenye ukurasa wa 14 mtu alikuwa amesahihisha kwa penseli mfano wa kitenzi kishirikishi, na akaandika pembeni "2016, mwaka wa pili". Sahihisho lilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la mhadhiri, naye alicheka kwa furaha ya mtu aliyeshindwa na mwanafunzi wake. Alitaka kumtaja. Alipiga simu mbili tatu kwa waliokuwa darasa lile, hakuna aliyeutambua mwandiko. Mwishowe, chini ya ukurasa wa 14, tukaandika: "Marekebisho haya ni ya mwanafunzi wa mwaka wa pili, 2016. Akijitambua, tafadhali aandike idarani, jina lake liwekwe hapa."